Bati la mwanga linavuja, silikoni imeshindwa mara mbili: tufanye nini?

*"Habari za kazi, fundi. Tumejenga Kigamboni, tukahamia mwaka 2021. Paa ni mabati ya migongo mipana, geji 28, na tuliweka mabati matatu ya mwanga, yale meupe yanayopitisha jua: mawili juu ya korido, moja jikoni. Miaka miwili ya kwanza hatukuona tone. Masika ya mwaka jana korido ikaanza kuvuja. Fundi wa kwanza akapaka silikoni pembeni, ikakaa mwezi. Wa pili akasema silikoni ile ilikuwa feki, akapaka nyingine. Wa tatu akapaka lami kuzunguka mabati yote mawili. Sasa yanavuja kuliko mwanzo, hasa mvua ikija na upepo, na kwenye dari ya jipsamu kuna doa la njano mita mbili kutoka lilipo bati lenyewe. Jikoni ni kioja kingine: asubuhi tunakuta matone sakafuni hata kama usiku hakukunyesha. Mume wangu anataka yaondolewe yote tuweke mabati ya kawaida. Mimi siitaki korido bila mwanga ule, ni giza saa sita mchana. Je, mabati haya yalikuwa mabovu tangu dukani, au tumeibiwa na mafundi?"*

Pole, dada. Kuamka usiku kuhamisha ndoo kwenye nyumba ambayo bado ni mpya kunaumiza, na kunaumiza zaidi ukishalipa watu watatu.

Nikijibu swali lako la mwisho kwanza: sidhani mliibiwa, na sidhani mabati yalikuwa mabovu. Mafundi wale watatu walifanya kitu kimoja kwa majina matatu. Wote waliamini kwamba maji yanaingia kwa sababu kuna upenyo, kwa hiyo dawa ni kuuziba. Na nikikusikiliza vizuri, una magonjwa mawili tofauti chini ya paa moja. Korido inavuja. Jikoni, kwa jinsi ulivyoeleza, pengine hapavuji kabisa. Tutafika huko.

Tuanze na imani ya kuziba, maana ndiyo iliyokula fedha zenu. Paa halizuii maji kwa gundi. Angalia banda la makuti lililo karibu nawe, na huko Kigamboni hayakosekani. Lina matundu maelfu, ukiingia mchana unaona jua likipenya kama nyota, halina hata tone la silikoni, na mvua ya masika hailipenyi. Sababu ni mbili tu: lina mteremko mkali, na kila kuti limelalia la chini yake. Tone likitua halipati nafasi ya kufikiri, linateremka kutoka kuti hadi kuti mpaka chini. Bati linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Silikoni na utepe ni wasaidizi wa mlalio, yaani pale bati moja linapolala juu ya jingine. Ukiona paa ambalo bila silikoni lingevuja, ujue limekosewa mahali, na silikoni inaficha kosa kwa muda.

Sasa fikiria maji yanayopita pale juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme bati lako la mwanga limeanzia katikati ya mteremko, na juu yake kuna mita nne za bati la kawaida kabla ya kufika kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Kwa upana wa sentimita 80, hizo ni mita za mraba 3.2. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa moja inapitisha hapo lita 160, madumu manane ya lita 20, yote yakivuka ule mlalio mmoja ambapo bati la kawaida linakabidhi maji kwa bati la mwanga. Kwa nyumba nyingi nilizopanda, hapo ndipo penye kesi, ingawa mafundi hupaka pembeni.

Mlalio huo unahitaji urefu wa kutosha, na urefu huo unategemea mteremko. Paa likiteremka nyuzi 15 au zaidi, sentimita 15 za kulaliana zinatosha. Chini ya hapo nataka sentimita 20 hadi 30, tena na mistari miwili ya utepe wa butaili, ule wa mpira laini unaonata, katikati. Ukitaka kujua mteremko wenu, chukua pima maji ya mita moja au ubao ulionyooka, uulaze sawasawa ncha moja ikigusa bati, kisha pima kutoka ncha ya pili kwenda chini hadi kwenye bati. Ukipata sentimita 27, paa lenu ni nyuzi 15. Sentimita 18 hivi ni nyuzi 10. Sentimita 9 ni nyuzi 5, na hapo matatizo yanaanza. Nyumba za paa la kuficha, ambazo sasa kila mtu anazitaka, nyingi zinaangukia kwenye nyuzi hizo tano hadi kumi, halafu watu wanashangaa.

Kwa nini mteremko mdogo ni hatari? Kwa sababu maji hupanda. Utambi wa koroboi unavuta mafuta ya taa kwenda juu bila pampu. Mabati mawili yakilaliana kwa karibu sana na katikati kukaingia vumbi na majani yaliyooza, yanakuwa utambi. Maji yanapanda kwenye mlalio taratibu, na upepo ukiyasukuma kutoka chini yanamalizia safari, yanamwagikia ndani. Masika yenu yanakuja pamoja na mwanzo wa kusi, upepo wa kusini. Ukisema inavuja "hasa mvua ikija na upepo", mimi tayari nataka kujua mlalio wa pembeni wa mabati yale umefungukia upande gani. Kama mdomo wake unatazama kusini, kila dhoruba inamimina maji ndani yake kama mtu anayenywesha mtoto uji.

Lakini mbona miaka miwili ya kwanza hakuna tone?

Hapa ndipo ilipo siri ya bati la mwanga, na ndiyo maana silikoni ilikaa mwezi tu. Bati la chuma na bati la plastiki hazitanuki sawa. Chuma kikipata joto kinarefuka kidogo sana. Polikaboneti, plastiki ambayo mabati mengi ya mwanga ya siku hizi yametengenezwa, inarefuka mara tano zaidi na hata kuzidi. Alfajiri bati lako lina nyuzi joto 22, saa saba mchana juu ya paa linaweza kufika 60. Kwa tofauti hiyo ya karibu nyuzi 40, bati la mwanga la mita tatu linarefuka milimita 8 hivi, wakati bati la chuma la urefu uleule linarefuka milimita moja na nusu. Kwa hiyo kila siku iliyojaaliwa jua, plastiki inateleza juu ya chuma zaidi ya milimita sita, na usiku inarudi. Mamia ya mara kwa mwaka.

Sasa mtu amekuja na bomba la silikoni akapaka uzi mwembamba kwenye ukingo. Silikoni ya kawaida ya ujenzi huvumilia kuvutwa kama robo ya upana wake. Uzi wa milimita 4 unavumilia milimita 1, na wewe unautaka uvumilie sita. Utabanduka upande mmoja, na kwa macho utaonekana mzima. Kibaya zaidi, sasa umetengeneza mfuko: maji yanaingia mahali ulipobanduka na hayana pa kutokea, kwa sababu sehemu ya chini bado imeshika. Ndiyo maana unasema yanavuja kuliko mwanzo. Sikuamini nilipoambiwa hivyo nikiwa kijana wa kazi, mpaka nilipobandua silikoni niliyopaka mwenyewe kwenye nyumba ya mteja na maji ya mvua ya wiki iliyopita yakanimwagikia kwenye viatu.

Tena kuna silikoni na silikoni. Ile inayonuka kama siki ikiwa mbichi inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula zinki ya bati na inaweza kuidhuru polikaboneti. Ya paa ni ile isiyo na asidi, haina harufu ya siki. Basi fundi wa pili anaweza kuwa alisema kweli bila kujua: huenda silikoni ya kwanza haikuwa feki, ilikuwa ya bafuni.

Lami ndiyo inayonisikitisha zaidi. Viyeyushi vilivyomo kwenye lami ya kupaka vinaishambulia polikaboneti, inapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka sehemu iliyopakwa. Na kwa kuwa ni nyeusi, inavuta joto palepale ambapo hutaki joto. Haitoki vizuri, na kuisugua kwa petroli au thina ni kulimalizia bati. Kama mabati ya korido ni polikaboneti na yamepakwa lami ukingo mzima, sema nayo kwaheri. Kama mnavuna maji ya mvua kutoka upande huo wa paa, elekezeni bomba lisiingie kwenye tangi la kunywa mpaka kazi iishe.

Utajuaje ni plastiki gani? Panda ngazi mpaka ukingo wa paa tu, au chungulia kutokea darini, utazame bati dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi ndani yake kama nywele zilizotawanyika, ni faibaglasi. Hii hutanuka kidogo kuliko polikaboneti, ila jua linaila ngozi ya juu mpaka nyuzi zinachomoza, bati linakuwa la njano, linashika uchafu na ukiligusa linawasha. Likifika hapo halitengenezeki. Ukiona halina nyuzi, laini kama chupa, yaelekea ni polikaboneti. Nayo ina upande wake: uso mmoja umepakwa kinga ya jua kiwandani, na lazima uangalie juu. Likigeuzwa, ndani ya miaka michache linageuka njano na kukatika kama kaki. Karatasi ya nailoni inayokuja nayo huwa na maandishi yanayoonyesha uso wa juu, na wasaidizi wengi huibandua kabla ya kupanda juu. Hapo umepoteza alama.

Mtuhumiwa mwingine ni matundu ya skrubu, na haya nayataja kwa sababu yanaeleza ile miaka miwili ya raha. Kama fundi alipiga skrubu moja kwa moja, au Mungu apishe mbali alipiga msumari wa bati kwa nyundo, plastiki ilibanwa isiweze kuteleza. Kila siku inajivuta dhidi ya skrubu. Mwaka wa kwanza tundu linakuwa yai. Mwaka wa pili ufa unatoka kwenye tundu kama mguu wa kunguru. Wakati huohuo jua na chumvi ya bahari vinaugeuza mpira wa washa, kile kiduara kilicho chini ya kichwa cha skrubu, kuwa jiwe. Masika ya mwaka wa tatu unanunua ndoo. Mwenendo wa nyumba yenu unafanana na hivyo mno.

Lile doa la njano mita mbili kutoka kwenye bati lisikutishe, wala lisikufanye ufikiri kuna tundu lingine. Maji yakishapita chini ya bati yanaweza kushikilia tumbo la bati yakiteremka nalo hadi yakutane na papi, mbao inayofungiwa mabati, yatembee juu yake au kando ya kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, ndipo yadondoke. Doa linakuambia maji yaliishia wapi. Yalikoingilia ni upande wa juu wa mteremko, au pembeni, karibu kamwe si chini yake.

Kutafuta mahali penyewe kunahitaji watu wawili, mpira wa maji, siku isiyo na mvua na subira. Mmoja aingie darini na tochi, mwingine awe nje na simu. Anzeni chini. Mwagieni ukingo wa chini wa bati la mwanga dakika kumi, maji yakiteremka kwa kawaida, msielekeze mpira kwenda juu kama mnaosha gari, mtaingiza maji mahali ambapo mvua haifiki. Hakuna kitu ndani? Pandeni kwenye mlalio wa pembeni upande mmoja, dakika kumi. Kisha upande wa pili. Kisha mistari ya skrubu, mmoja baada ya mwingine. Mwisho mlalio wa juu, halafu kofia. Aliye darini akiona tone la kwanza apige kelele, na aliye nje apige alama ya chaki. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na hutajua lipi ni lipi. Watu wengi huanza juu kwa sababu ndiko kunakovutia.

Hapa lazima nikuzuie kidogo. Asipande mtu akakanyaga bati la mwanga, hata awe mwepesi namna gani, hata fundi akikwambia limekomaa. Likizeeka haliwezi kubeba mtu, na likiwa limepakwa rangi au lami halitofautishiki na bati la chuma. Watu wamefia hapo. Anayepanda alaze mbao ndefu zinazovuka kutoka papi hadi papi, akanyage juu ya mbao, na awe amejifunga. Darini nako, akanyage mbao za kenchi, jipsamu haibebi mguu. Na kabla ya yote zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa maji yamefika karibu na taa au waya.

Njoo jikoni sasa. Matone asubuhi bila mvua, hiyo mara nyingi ni jasho. Usiku paa linapoteza joto kwenda angani na bati jembamba linapoa kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya jikoni imejaa mvuke: maharage ya jioni, chai ya alfajiri, nguo zilizoanikwa ndani msimu wa mvua. Mvuke ukigusa bati baridi unageuka maji, kama glasi ya maji ya barafu inavyolowa nje. Huku Pwani hutokea zaidi miezi ya Juni hadi Agosti. Njombe au Lushoto ni jambo la kila siku, na nimewahi kuitwa huko kuziba paa ambalo halikuwa na kosa lolote.

Kulithibitisha ni rahisi. Jioni isiyo na mvua, futa uso wa chini wa bati kwa kitambaa kikavu, asubuhi utazame. Jasho linaenea bati zima, vijitone vidogo vingi. Mvujo unaacha njia, mstari kutoka sehemu moja. Kama ni jasho, gundi yoyote utakayopaka juu ni kazi bure. Dawa ni hewa: tundu la kutolea mvuke juu ya jiko, matofali ya matundu karibu na dari, dirisha lililo wazi wakati wa kupika. Hilo lisipotosha, weka kipande cha pili cha polikaboneti usawa wa dari, ili kati yake na bati kuwe na hewa, na ule uso unaokutana na mvuke usiwe wa baridi. Bati la jikoni kwa hiyo lisiguswe mpaka mfanye kipimo hiki.

Turudi korido. Ningekuwa mimi, mabati yale mawili ningeyatoa, lami imeshaamua. Lakini nisingeyarudisha kama yalivyokuwa. Nunueni polikaboneti ndefu inayoanzia chini ya kofia hadi kwenye gata, bati moja bila kiungo katikati. Mwanga usioutaka unaweza kuuzuia kwa dari, ila ule mlalio wa juu wa kubeba madumu manane utakuwa umetoweka. Kama urefu huo haupatikani au ni ghali, basi bati la kawaida la juu lilalie bati la mwanga kwa sentimita nilizotaja, na la mwanga lilalie la chini yake kwa kiasi hichohicho, utepe wa butaili ukiwa ndani ya mlalio. Usiwe juu ya ukingo kama bandeji.

Nendeni dukani na kipande cha bati lenu. Usikubali kuambiwa "migongo mipana yote ni sawa", maana viwanda vinatofautiana kwa milimita chache kwenye upana wa mgongo, na milimita hizo ndizo zinazoacha mdomo wazi. Kipande kikalie bati la mwanga bila kulazimishwa.

Matundu ya skrubu yatobolewe kwa drili kwanza, mapana kuliko skrubu: kwa skrubu ya milimita 6, tundu la milimita 10 linaipa plastiki nafasi ya kuteleza, na washa pana ya chuma yenye mpira inafunika. Skrubu zikae juu ya mgongo, si bondeni yanakopita maji. Zikazwe mpaka mpira ukae vizuri, ukiona umechomoza pembeni kama ulimi umezidisha. Milalio ya pembeni ichukue mgongo mzima na ifungukie mbali na kusi. Papi za chini zisiachane zaidi ya mita moja hivi, bati likibonyea linatengeneza bwawa. Na jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: papi zinazopita chini ya bati la mwanga zipakwe rangi nyeupe upande wa juu, maana mbao nyeusi ikipata jua inachemka na kuliunguza bati pale linapogusana.

Halafu mume wako. Hoja yake ina uzito, na sitaki uitumie barua hii kumshinda. Bati la mwanga, hata likifungwa kwa ustadi wote, lina umri mfupi kuliko bati la chuma linalolizunguka. Utalibadilisha walau mara moja katika maisha ya paa hilo. Linaingiza joto pia, na Dar es Salaam haina upungufu wa joto. Kama korido ina ukuta unaoweza kutobolewa dirisha la juu, mwanga wa ukutani hauna ugomvi na mvua. Wazee wetu wa Lamu walijua hilo: nyumba zao za mawe hupata mwanga kupitia kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi, badala ya kutoboa paa. Ila kwa korido iliyofungwa na vyumba pande zote, kuwasha taa saa sita mchana maisha yako yote nako ni gharama. Mimi ningebakiza bati moja la mwanga koridoni badala ya mawili. Moja likiwa safi linatosha, hasa mkipaka kuta rangi nyeupe, na nusu ya milalio ya kuhangaikia inaondoka.

Wenye dirisha la kioo la darini lililowekwa kwenye fremu juu ya zege au vigae, yenu ni habari nyingine kidogo. Hapo swali la kwanza ni kama fremu imeinuliwa walau sentimita 15 juu ya paa na kama upande wake wa juu kuna bati lililokunjwa la kugawa maji kulia na kushoto. Nyingi huvuja kwa sababu majani yamejaa nyuma ya fremu. Safisheni kwanza kabla ya kununua chochote. Kioo chenyewe kiwe cha matabaka, kile kinachopasuka bila kudondoka, kwa kuwa kiko juu ya vichwa vya watu.

Yapo mambo ambayo barua haiyatoshi. Jipsamu ikianza kubonyea tumbo, maji yametuama juu yake: ondoa watu na vitu, weka ndoo, toboa katikati kwa bisibisi kutoka pembeni ili yatoke kwa hiari yako kabla hayajaamua yenyewe. Kisha ita fundi siku hiyohiyo. Chomeni bisibisi kwenye kenchi na papi zilizolowa. Ikiingia kama kwenye ndizi, mbao imeoza na hiyo si kazi ya fundi bati peke yake. Taa ikicheza au swichi ikipiga shoti, fundi umeme aje kabla ya fundi bati. Na msomaji mwingine mwenye nyumba ya zamani ya mabati ya asbesto, hayo ya kijivu mazito, asitoboe, asikate, asisugue, atafute wenye utaalamu wa kuyashughulikia, vumbi lake linaua mapafu taratibu.

Fundi wa nne akija, usimwambie "njoo uzibe". Mwambie aje afanye kipimo cha maji mbele yenu, akuonyeshe kwa kidole maji yanapoingilia, halafu muulize atatoboa matundu ya ukubwa gani na milalio itakuwa sentimita ngapi. Anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Anayefungua boksi la silikoni kabla hajapanda ngazi, mpe chai aende zake. Na kazi ikiisha msisubiri vuli: vuteni mpira ule ule wa maji, mwagieni mlalio kwa mlalio nusu saa nzima fundi akiwa bado yuko hapo, mmoja wenu akiwa darini na tochi, ndipo mlipe nusu iliyobaki.